Kalipa Mbili za Nyuma

Tangu barua ile ifike, Fundi Breki hakukaa kitako. Wiki tatu nzima. Chai aliinywa kasimama, akifika nusu anakumbuka kwamba hajaangalia kama geti limefungwa, anatoka, na geti limefungwa. Mkewe ndiye aliyebaki na kazi ya kukusanya vikombe: kimoja juu ya friji, kimoja bafuni kando ya sabuni, kingine juu ya ukuta wa uani, sisimizi wameshakifanya kisima chao.

"Breki za watu wote unatengeneza wewe," mkewe alimwambia asubuhi moja, ameshika vikombe vinne kwa mkono mmoja. "Zako zina fundi gani?"

Mzee akasema anakwenda kuangalia geti.

Jina lake halisi lilikuwapo, maana lazima liliandikwa mahali, lakini miaka thelathini na moja ya kufanya kazi moja tu ilikuwa imelifuta. Hata nesi wa zahanati, anayeita wagonjwa kwa kadi, akifika kwake alisema, "Fundi Breki, ingia." Injini hakugusa. Umeme hakugusa. Ukimletea gari lisilowaka alikuelekeza kwa jirani, akarudi kuchuchumaa kando ya gurudumu lake. "Gari lisipowaka utachelewa," alikuwa akisema. "Lisiposimama hutachelewa tena." Watu walicheka. Yeye hakuwa akifanya mzaha, na wateja wa siku nyingi walilijua hilo.

Barua yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya binti yake, kitinda mimba, aliyeitwa Spana tangu umri wa miaka minne, siku alipotumwa kwa utani spana namba kumi na mbili akaleta namba kumi na mbili. Kwa sababu hiyo mama yake, mwanamke ambaye hajawahi kukaza hata nati moja, alikuwa Mama Spana kwa nusu ya mtaa. Na tangu Spana afikishe miaka tisa, mguu wake ndio uliokanyaga pedeli wakati baba yake amelala chini ya gari akitoa upepo kwenye mabomba ya breki. Baba anasema "kanyaga," anakanyaga. "Shikilia," anashikilia. "Achia." Walifanya hivyo kwa mamia ya magari, mmoja juu, mmoja chini, wakisikiana bila kuonana.

Sasa Spana alikuwa mtaalamu wa maabara mwenye cheti chake, na barua ilisema amepata kazi katika hospitali iliyo ng'ambo ya milima. Angezungukia zahanati saba kukusanya sampuli, kwa hiyo awe na usafiri wake mwenyewe. Aripoti Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Asipofika, nafasi atapewa anayemfuata kwenye orodha. Usafiri alikuwa nao, au alidhani anao. Siku alipoanza chuo, baba yake alisema mbele ya watu, "Ukipata kazi, gari langu ni lako." Kati ya watu hao alikuwamo Nyundo, fundi wa kunyoosha bodi aliyepakana naye pale gereji, na Nyundo ni mtu anayekumbuka ahadi za wenzake kuliko zake.

Gari lilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Misimu miwili ya mvua lilikaa nyuma ya gereji, chini ya tangi la maji linalovuja, kwa sababu mwenye nalo alikwenda kazini kwa miguu na hakuwa na safari. Gari lisilotembea huzeeka kuliko linalotembea. Hili aliwaambia wateja kila siku, tena kwa ukali, akiwatazama kama watu waliomtupa mtoto. La kwake aliliacha lioze. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.

Spana alilitoa barabarani mara moja tu, akarudi baada ya robo saa amekunja pua.

"Baba, zito. Kama linaburuta kitu. Na linanuka nguo inayoungua."

Fundi akafanya anachofanya siku zote. Kipimo hakutumia. Alisogeza mgongo wa mkono karibu na gurudumu la mbele kulia, la mbele kushoto, la nyuma kushoto, la nyuma kulia, vile mama anavyopima paji la uso la mtoto. Kwa yale ya mbele hakusema kitu. Kwa yale ya nyuma alirudisha mkono haraka.

"Kalipa zimekamata," akasema. "Zote mbili za nyuma."

Kalipa ni kile chuma kinachoikumbatia diski ya gurudumu. Ndani yake mna pistoni. Ukikanyaga breki, pistoni inasukuma pedi zibane diski, na ukiachia inalegea. Hizi zilikuwa zimeingia kutu. Pistoni zikitoka hazirudi, na gari linakwenda huku limejishika lenyewe kwa nyuma. Nyundo alipoelezwa alisema gari limefanana na mwenyewe. Fundi Breki hakumsemesha mpaka jioni.

Ilikuwa kazi ya siku moja, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Lakini wiki ya kwanza alisema anangoja mipira mipya ya pistoni. Mipira ikaja Jumanne. Akaibonyeza, akainusa, akasema imekauka dukani, akairudisha. Wiki ya pili mgongo ulimuuma, mgongo uleule uliobeba mtungi wa gesi kutoka dukani siku hiyohiyo. Wiki ya tatu wateja walikuwa wengi, na pale ambapo hawakuwa wengi alikwenda kuwatafuta. Huku hatulii. Anafagia palipofagiliwa. Anapanga spana kwa ukubwa, anazipangua, anazipanga tena. Nyundo alisema amewahi kuona kuku anayetafuta pa kutagia akiwa na utulivu zaidi.

Alikuwa anaogopa. Aseme asiseme, ndivyo ilivyokuwa, na aliogopa mambo mawili kwa wakati mmoja, hivyo hakujua aanze kupambana na lipi.

Moja lilikuwa mteremko. Barabara ya kwenda kule inashuka kilomita kumi na moja mfululizo, kona baada ya kona. Ujanani, alipokuwa bado fundi wa kila kitu, aliitwa huko na mwenye lori akachunguze kilichotokea. Rangi ya lori hakuikumbuka, wala mzigo wake. Alichokumbuka ni pedeli ya breki. Ilikuwa chuma kinene, na ilikuwa imepinda. Ni mguu wa dereva ulioipinda kwa kuikanyaga. Aliporudi mjini aliacha injini na umeme, akashika breki peke yake.

Jambo la pili lilikuwa viti vitatu vya jikoni. Ndugu wakubwa wa Spana walishaondoka zamani, mmoja hupiga simu akikumbuka, mwingine hakumbuki. Kila jioni walikaa pale watatu, Spana akisimulia mambo ya wadudu aliowaona kwenye darubini wakati watu wanakula, mama yake akimkataza, baba yake akimwambia aendelee. Fundi alikuwa ameshaanza kukikwepa kile kiti cha tatu kwa macho hata kabla hakijabaki kitupu.

Alhamisi jioni Spana alimkuta anakaza bawaba ya mlango ambayo haikulegea.

"Baba, leo Alhamisi."

"Najua."

"Jumapili alfajiri naondoka."

"Nilikuwa nafikiri," alisema bila kugeuka. "Si upande basi tu? Ufike, uripoti. Gari litakuja baadaye."

"Litaletwa na nani?"

"Tutaona."

"Barua inasema niende na usafiri wangu. Wakiniuliza uko wapi, niwaambie tutaona?"

Bawaba iliendelea kukazwa.

"Baba, mimi sigombani na wewe," Spana alisema. "Kama hutaki kulitengeneza sema tu, nilipeleke kwa fundi mwingine."

Hilo lilimchoma. Fundi mwingine aje aguse breki za binti yake, na yeye yupo hai, ana mikono miwili. Akaiacha bawaba.

"Kesho," akasema. "Kesho nalifungua."

Sasa, Fundi Breki alikuwa na sheria moja, na kila aliyewahi kujifunza kwake aliijua kabla hajajua choo kiko wapi: usifungue pande zote mbili kwa pamoja. "Upande mmoja fungua," alikuwa akisema, "wa pili uache ukufundishe." Ukisahau pini ilikaaje, zunguka gari ukatazame upande wa pili. Na kama huna budi kufungua zote, weka alama ya chaki, mstari mmoja kulia, miwili kushoto. Waliodharau sheria hiyo hawakumaliza wiki kwake.

Ijumaa asubuhi aliinua gari kwa jeki, akaliweka kwenye stendi, akatoa magurudumu yote mawili ya nyuma. Kabla ya nusu saa kalipa zote mbili zilikuwa zimelala kwenye sinia moja. Chaki ilikuwa mfukoni. Mawazo yalikuwa mteremkoni, yakatoka huko yakaenda jikoni, yakarudi mteremkoni.

Nyundo alipita na bati begani, akasimama.

"Leo umefungua pande zote mbili."

"Nina haraka."

"Wewe? Baada ya wiki tatu?"

"Nyundo, gonga mabati yako."

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, tusimsingizie. Pini za kutelezea, ambazo grisi yake ilikuwa imegeuka gundi, alizisugua zikang'aa. Pistoni ya kwanza ilikataa katakata; akaimwagia mafuta ya kulegeza kutu, akaigongagonga kwa kipini cha nyundo, akatia upepo wa kompresa kidogo kidogo, kipande cha ubao mbele yake, mpaka ikachomoka kwa mlio mmoja. Ya pili ilichomoka kwa hasira zaidi, ikaacha alama kwenye ubao. Akazisafisha kwa msasa laini uliolowa mafuta ya breki, akavisha mipira mipya, akazirudisha kwa vidole vitupu, zikaingia zenyewe. Kwa saa zote hizo alitulia. Mikono yake ikiwa na kazi, roho ilipata pa kukaa. Jioni kalipa zilikuwa safi, zimelala sambamba kwenye sinia, na ukimwuliza mtu asiye fundi angekuambia hazina tofauti.

Jumamosi asubuhi akazifunga. Moja kushoto, moja kulia, boliti zote kaza, mabomba kaza, mafuta mapya jaza. Ikabaki kutoa upepo, na kutoa upepo kunataka watu wawili. Spana alikuwa amekwenda mjini kununua shuka na ndoo za kuanzia maisha. Alipotokea Mama Spana na chakula cha mchana, mumewe alimpokonya vyombo na kumfungulia mlango wa dereva.

"Kaa hapo. Nikisema kanyaga, kanyaga."

"Ni ipi?"

"Ya katikati."

"Hii?" Alipoinama kutazama, kiwiko kikagandamiza honi. Ng'ambo ya uwanja kitu kikaanguka kwenye bati, na Nyundo akasikika akiomba Mungu amsamehe alichosema.

"Kanyaga," Fundi aliita kutoka chini. Mama Spana akakanyaga kama anaua mende. "Shikilia." Fundi akafungua niple, ile skrubu ndogo ya kalipa inayotoa upepo, mafuta yakachuruzika kwenye chupa, akafunga. "Achia." Akahamia upande wa pili. Akarudi. Chupa moja ya mafuta ikaisha, akafungua ya pili. Saa nzima ikapita, chakula kikapoa, na pedeli kila ikikanyagwa inashuka mpaka sakafuni.

"Inazama," Mama Spana alisema. "Ni kama nakanyaga mkate uliolowa."

Fundi alilizunguka gari. Akalala chini, akainuka. Akanawa mikono, akalala chini tena na mikono yake safi. Akalizunguka mara ya nne. Kisha akasimama mbele ya boneti na kutangaza, kwa sauti ya daktari:

"Pampu kubwa imekufa. Ile inayosukuma mafuta. Gari zee, haishangazi. Mpaka iagizwe."

"Mpaka lini?"

"Jumatano. Au Alhamisi."

Mama Spana, mguu bado uko juu ya pedeli, alimtazama kupitia kioo. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini na mitatu. Aliyaona mabega yake yakishuka, mabega ambayo kwa wiki tatu yalikuwa karibu na masikio.

"Baba Spana," alisema polepole. "Unafurahi?"

"Nifurahie nini?"

Akaenda kuangalia geti la gereji.

Spana aliporudi, na ndoo mbili na bunda la shuka kichwani, mama yake alimweleza yote pale pale garini: pampu imekufa, Jumatano, au Alhamisi.  Spana alitua mzigo. Mama akampisha, akaingia, akakanyaga pedeli mara moja, mara mbili, mara ya tatu akaishikilia na kusikiliza. Kisha akashuka, akaenda nyuma, akachuchumaa upande wa kushoto. Akazunguka, akachuchumaa upande wa kulia. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Baba, njoo."

Baba akaja.

"Niple iko chini," Spana alisema. "Na kule vilevile."

Ilikuwa kweli. Niple ilikuwa imetazama ardhi. Upepo hupanda juu; zamisha chupa tupu kwenye maji uone mapovu yanaelekea wapi. Ndiyo maana niple huwekwa juu kabisa ya kalipa, upepo uliojikusanya hapo utoke kwanza. Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, na ya kushoto ikafungwa kulia. Zikikaa hivyo, mtu anaweza kumwaga pipa zima la mafuta, upepo umejibanza juu tu unamtazama. Pampu kubwa ilikuwa nzima kabisa. Hili lilikuwa kosa la mtu wa wiki ya kwanza. Kuna mwanamume mwenye ndevu zake aliyewahi kufukuzwa gereji ile kwa kosa hilohilo, na Spana alikuwapo, ana miaka kumi na mmoja, akasikia kila neno aliloambiwa.

Fundi Breki alitazama niple, akatazama mikono yake. Nyundo, aliyekuwa anasogea na mzaha wake tayari mdomoni, alimwona uso akageuza njia. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa gereji ile kumwona Nyundo akirudi na mzaha bila kuutoa.

"Ulikosea," Spana aliuliza kwa sauti ya chini, "au hutaki niende?"

"Sijui." Alijifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. "Naapa sijui, mwanangu. Mikono hii haijawahi kunifanyia hivi."

"Lakini hutaki niende."

"Sitaki," akasema. Na kwa kuwa limeshatoka, akaliacha litoke lote. "Nikifikiria kile kiti chako jikoni, na mimi sipati pa kukaa. Nikifikiria ule mteremko, ndiyo kabisa. Sitaki uende. Lakini ukose kazi kwa ajili ya mkono wangu, hilo ningezikwa nalo. Mnisamehe."

 Spana alikuwa analia bila kujificha, ameuma mdomo, na baba yake hakujua pa kutazama.

Mama Spana akafungua mlango wa gari akakaa tena kwenye usukani. "Basi zigeuzeni," alisema. "Mguu wangu umechoka lakini bado upo."

Spana akapangusa macho kwa mkono wa blauzi, akaukunja mkono huo mpaka kwenye kiwiko.

"Mimi kulia, Baba. Wewe kushoto."

Wakazifungua, wakabadilishana kalipa, kisha wakafanya kazi hivyo, gari katikati yao, hawaonani. Fundi alikuwa anamsikia: spana inakaa kwenye kichwa cha boliti, inateleza, inakaa tena. Mara tatu alitaka kuinuka akatazame kama pini zimepakwa grisi ya kutosha. Mara tatu akajizuia, na ya tatu ilimtoa jasho. Alipomaliza upande wake alibaki amechuchumaa tu, spana mkononi, mpaka sauti ikatoka ng'ambo.

"Mama, kanyaga."

Ilikuwa sauti ya Spana. Maneno yalikuwa ya baba yake.

"Shikilia. Achia. Tena, kanyaga."

Mapovu yalitoka makubwa, yakatoka madogo, yakaisha. Wakahamia kushoto, na huko pia Spana ndiye aliyeita na baba yake ndiye aliyefungua na kufunga. Haikufika nusu saa.

"Imekataa," Mama Spana alisema kutoka mbele. "Imekuwa jiwe."

Jua lilikuwa bado juu ya paa la gereji walipolitoa barabarani, baba na binti, wakazunguka mitaa yote na kurudi. Fundi alishuka, akapitisha mgongo wa mkono kwenye magurudumu manne. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia Spana ayapime tena yeye.

Jumapili alfajiri gari lilikuwa limejaa: ndoo, shuka, jiko dogo, kiti kimoja cha plastiki. Fundi Breki aliongea mfululizo. Tairi la akiba liko chini ya shuka. Maji ya rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi. Kwenye mteremko shuka na gia ndogo, breki usiilalie, ikanyage kidogo, achia, ikanyage, achia. Kabla hujaanza kushuka simama kwenye kituo cha mafuta uguse magurudumu yote. Ukifika chini simama uguse tena, halafu unipigie. Usinipigie ukiwa unaendesha. Tairi la akiba nimekuambia liko wapi?

"Chini ya shuka, Baba."

Mama Spana alimkumbatia akamwambia, "Nenda salama, mama yangu." Nyundo, aliyekuja amevaa shati lililopigwa pasi, alimwambia, "Nenda ukatupime sote tujue tunaumwa nini." Wakamgeukia Fundi. Spana naye akamtazama, mkono kwenye mlango. Fundi akasema upepo wa matairi uangaliwe kila wiki. Kisha akaenda kufungua geti.

Saa zilizofuata hazikuwa na pa kuziweka. Aliosha sinia la jana. Alikwenda kusimama getini, akarudi. Saa tatu alimwita mkewe.

"Hebu nipigie, nione kama simu inaita."

Mkewe akapiga kutoka jikoni. Ikaita.

"Kata, kata, asije akakuta inatumika."

Saa nne akasema sasa atakuwa kituo cha mafuta. Saa nne na nusu akasimama uani. Alikuwa anashuka naye kona kwa kona, na mguu wake wa kulia, akiwa amesimama palepale uani, ulikuwa ukikandamiza ardhi na kuachia. Mkewe aliuona, akarudi ndani taratibu.

Simu ililia saa tano na dakika kumi.

"Baba, nimefika chini."

"Umesimama?"

"Nimesimama pembeni. Nimeshagusa."

"Niambie."

"Ya mbele yote mawili yana moto, sawasawa."

"Ndivyo inavyotakiwa, ya mbele ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Ya nyuma?"

"Ya nyuma yana joto tu." Gari kubwa lilipita karibu naye, akangoja mlio uishe. "Nimegusa mara tatu, Baba. Lako na langu. Sikuweza kujua lipi ni lipi."

Fundi Breki alikuwa amesimama getini, na geti lilikuwa wazi tangu alfajiri. Machozi yakamjia, akayaacha yashuke. 

"Haya," akasema. "Nenda, mwanangu."

Hakukata simu. Alisikiliza mlango ukifungwa, injini ikiwaka, gari likiingia barabarani, mpaka Spana mwenyewe alipokata. Akaenda jikoni. Akakaa kwenye kiti cha Spana, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mlango, akamwomba mkewe chai.